Mbwa wa Maman Noella na Kiti cha Papa

Juzijuzi hapa nilimpeleka Papa kwa kine, yule mtaalamu wa kunyoosha viungo pale hospitalini. Magoti yamemshinda. Kutoka kitandani mpaka mlangoni anashika ukuta, na kumwinua kwenye mswala siku hizi ni kazi ya watu wawili. Kine mwenyewe ni kijana mdogo, mpole, mwenye mikono safi. Akamkunja Papa mguu, akaukunjua, akabonyeza hapa na pale, kisha akamwambia kwa heshima zote:

"Mzee, usikae sana. Tembea kila siku, kidogo kidogo, mahali penye majani, lami uiache. Kabla ya kutoka, wakukande na kitambaa cha moto. Ngazi achana nazo. Na kama mnaweza kufika ziwani, ingia majini mpaka kiunoni, utembee humo humo. Ukichoka simama, pumzika, endelea. Ila usilale siku nzima, viungo vitakauka."

Mimi nikacheka. Kicheko kibaya, kile kinachomtoka mtu kabla hajakizuia. Yule kijana akanitazama, akaitazama fimbo yangu, akautazama mguu wangu wa kulia ambao nilikuwa nimeunyoosha mbele kama kawaida, maana haukunjiki.

"Madame, nimesema kitu cha kuchekesha?"

"Hapana, mwanangu. Endelea."

Ningemjibu nini? Nimwambie kwamba hayo yote niliyajua kabla sijajua kusoma? Kwamba aliyenifundisha alikuwa na mkia? Papa alikuwa anakodoa macho ukutani, na mimi nilijua kabisa kwamba naye amekumbuka. Tukarudi nyumbani kwa teksi.

Ninyi mliozaliwa enzi zetu mnajua mbwa alikuwa nini hapa Kamembe. Mbwa alikuwa wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku abweke. Alikula makoko ya bukari, ugali uliogandia sufuriani, akashukuru. Akizeeka, hakuna aliyeuliza amekwenda wapi. Na kwetu sisi, katika mitaa ya Waislamu, mbwa hakuwa hata wa kupita karibu na ndoo ya maji. Sasa mwanamke mzima, mjane, mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, kumtembeza mbwa kila jioni kwa kamba ya kitenge, pole pole, akisimama kila mbwa anaposimama! Watu walitoka madukani kuangalia.

Mwanamke huyo alikuwa jirani yetu, Maman Noella. Kwao Bukavu, upande wa Kongo, ila alikuwa amepanga nyumba nyuma ya yetu, uzio wa matete katikati. Alfajiri alishika njia ya mpaka wa Rusizi ya Pili na beseni lake la mayai au nyanya, akavuka daraja, akauza upande wa pili, na jua likianza kulegea alikuwa amesharudi. Sauti yake ilifika kabla yake. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakumwogopa mtu yeyote, jambo ambalo kwa mjane lilionekana kama ukosefu wa adabu.

Mbwa aliitwa Pilote. Mkubwa, rangi ya udongo, sikio moja limesimama, moja limelala. Alikuwa wa marehemu mume wake. "Baba Noella aliniachia bintu mbili," alipenda kusema, "redio na imbwa. Redio baliiba. Unataka na imbwa niache ife?" Pilote alikuwa ameharibika nyonga na magoti. Asubuhi alijaribu kuinuka mara kadhaa, miguu ya nyuma ikamkatalia, akarudi chini akilia puani. Veterineri mmoja, daktari wa wanyama, alimwambia Maman Noella achague, ama achomwe sindano ya kufa, ama atembezwe taratibu kila siku ya Mungu na kupelekwa majini. Maman Noella akachagua.

Na mimi nilikuwa nimeharibika magoti vilevile.

Ugonjwa ulianza msimu wa mvua. Niliamka nikakuta magoti yamevimba kama maandazi, ya moto, hayataki kunyooka. Jua likipanda yanalegea kidogo, usiku yanarudi kuwa mawe. Kituo cha afya wakatoa vidonge. Majirani wakasema ni baridi, wengine wakasema ni jicho baya. Mama yangu alilia, akanifunga mablanketi, akaenda sokoni kuuza vitenge vyake akilia bado. Papa hakulia. Papa alinitazama kwa muda mrefu, halafu akaenda kwenye karakana yake akaanza kupiga randa.

Lazima niwaeleze kazi ya Papa, la sivyo mtamchukia bure, na mimi sitaki mumchukie bure. Papa alikuwa seremala, na seremala mzuri. Kiti kikiletwa kwake kimelegea, hakukitingisha hata kidogo. Alikifungua, akakwangua gundi ya zamani, akatia mpya, akakibana na vyuma vyake vya kubania, akakiweka pembeni kwenye kivuli. Ole wake atakayekigusa! Tulichapwa kwa kukalia viti ambavyo havijashika. "Kitu kilicholegea," alisema, "ukikichezesha unakimaliza. Kibane, kiache." Maisha yake yote hakuwahi kuona kiti kikipona kwa kutembea. Basi na mimi alinitazama kwa jicho hilohilo, jicho la mtu anayejua kazi yake.

Akanitengenezea kiti. Alinipima kwa mita, mgongo, paja, muundi, kama ninashonewa gauni la Idi. Mbao ilikuwa libuyu safi kutoka Kongo, ile ya kuwekea wateja wenye pesa. Mbele yake kulikuwa na ubao wa kunyooshea miguu, na juu ya ubao mipira ya baiskeli ya kunifunga mapajani na miundini nisijikunje. Kwenye mikono ya kiti alichonga maua. Alipiga vanishi mara nyingi mpaka nikawa najiona usoni mwa ule mti. Kilikuwa kizuri, hilo siwezi kumnyima. Watu walikuja kukiangalia, na bibi mmoja tajiri akaagiza cha kwake cha kupumzikia, bila mipira.

Kila asubuhi Papa alinibeba, akanikalisha barazani, akanifunga. "Usitingishike, mama yangu. Ukitulia itashika." Jioni akirudi swali lilikuwa hilohilo: "Imeshika?" Nami, kwa kuwa nilitaka afurahi, nilijibu: "Inashika, Papa."

Nilikuwa mtoto wa kukimbia. Nisikilizeni vizuri. Nilikuwa mtoto wa kupanda uzio, wa kushuka mteremko juu ya ganda la mgomba. Sasa nikawa nakaa nikihesabu wapita njia. Nilijua nani ameachwa na mume, nani amenunua viatu. Pikipiki za abiria zilipanda na kushuka, na mimi niko palepale.

Siku moja Maman Noella alipita na Pilote wake, akasimama mbele yangu. Akaitazama ile mipira.

"Nani amekufunga, kadada?"

"Papa. Ananibana nishike."

"Ushike nini?"

Nikamweleza habari ya viti na gundi. Alisikiliza mpaka mwisho, na ajabu ni kwamba hakucheka. Akainama, akanifungua mpira mmoja, akanishika goti kwa kiganja kizima.

"Eh, Mungu. Iko sawasawa na ya Pilote."

Alizungumza na Mama jioni ile kwenye uzio. Nilisikia minong'ono mirefu. Mama aliogopa, lakini Mama alikuwa ananiogesha kila siku na aliona mapaja yangu yanavyosinyaa. Mwisho nikamsikia akisema, "Haya. Lakini Mzee asijue." Papa alifunga karakana kuelekea magharibi. Tulikuwa na saa zetu.

Basi kila jioni Maman Noella alikuja na vitambaa viwili vya moto, kimoja cha mbwa, kimoja changu. Alitukanda wote wawili barazani akituimbia nyimbo za kanisani. Halafu safari. Tulipita nyuma ya nyumba, penye majani, maana barabara ya mawe ilimuumiza Pilote na mimi iliniumiza vilevile. Mteremko wa ziwani ni mkali, mnaujua, kwa hiyo hatukushuka moja kwa moja. Tulikwenda upande, tukarudi upande, kama wanawake wanaoshusha mizigo. Pilote akisimama, tunasimama. Nikisimama mimi, yeye anakaa chini kunisubiri, ulimi nje.

"Malembe," alisema Maman Noella. Pole pole. "Hapana kukimbia, hapana kuruka. Leo kidogo, kesho kidogo. Muntu akikuambia harakisha, mwambie akubebe."

Watu walitucheka, wee! "Muzungu mweusi anapita na bagonjwa bake!" Wanawake wa kisiwa cha Nkombo waliokuwa wakirudi kwenye mitumbwi na mabeseni matupu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, waliniita mwanafunzi wa mbwa. Maman Noella aliwajibu kwa sauti yake ile: "Mucheke, mucheke! Meno yenu tumeshayaona, sasa mutuonyeshe magoti!" Nao wakacheka zaidi, lakini kicheko cha namna nyingine.

Ziwani kulikuwa na harufu ya nyavu zilizoanikwa, na ya sambaza, na ya mbwa aliyelowa, ambayo mpaka leo nikiisikia moyo wangu unaruka kwanza kabla akili haijakataza. Maman Noella alipitisha kitenge chini ya tumbo la Pilote akamshikilia majini huku anapiga miguu. Kisha zamu yangu. Maji yalikuwa baridi mpaka nikapiga kelele. Halafu yakanibeba. Magoti yale mawili, ambayo barazani yalikuwa na uzito wa mifuko ya simenti, majini hayakuwa na uzito wowote. Nilipiga teke. Nilipiga tena. Pilote alipita karibu yangu akipiga maji usoni mwangu, macho makubwa, na mimi niliona kabisa kwamba naye anacheka. Nimeshaolewa, nimeshazaa, nimeshakwenda Kigali na nimeshakwenda Dar. Furaha ile sijaipata tena, na wala sitanii.

Pilote alikuwa na tabia yake. Tukitoka majini alikuja kunilamba magoti, la kulia halafu la kushoto, kwa makini, kama mtu aliyetumwa.

Siku ya kwanza kulambwa, Papa alirudi, akanikuta kitini nimeshafungwa, akainama kuniuliza kama imeshika. Akanusa. Akaona manyoya kwenye goti.

"Mbwa amekugusa?"

"Amenilamba hapa."

Aliukazia macho ule uzio wa matete, akadhani Pilote amepenya. Hakunifokea. Alichukua bakuli akaenda nyuma ya nyumba, akachimba udongo safi, mwekundu, akauchanganya na maji. Akaleta birika. Akapiga goti mbele yangu, Papa yangu, ambaye mikono yake ilikuwa migumu kama msasa, akaanza kunipaka udongo ule gotini taratibu, taratibu kabisa, akiogopa kuniumiza. Alihesabu kwa kunong'ona. Akaosha, akaosha tena, mpaka saba. Udongo ulikuwa baridi na goti langu lilikuwa la moto. Nilitekenyeka. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi, na yeye akatabasamu bila kuacha kuhesabu.

Mimi nikajua ni dawa.

Kwa nini nisijue? Nilikuwa mgonjwa wa magoti, na baba yangu amepiga magoti ananipaka kitu magotini huku midomo yake inacheza kama mtu anayesoma dua. Vidonge vya kituo cha afya havikunisaidia, lakini baada ya udongo usiku ule nililala. Nani asingeamini? Tangu siku hiyo nilihakikisha Pilote ananilamba. Akisahau, nilimsogezea goti. Na Papa kila jioni alilaani uzio, akaleta bakuli, akapiga goti, akahesabu.

Nikaanza kupata nafuu. Hili si la kubishana, Mama alishuhudia. Uvimbe ulipungua, asubuhi niliweza kuinuka mwenyewe kwa kushika ukuta. Papa alimwambia kila mtu karakana nzima kwamba kiti kinafanya kazi. Mimi nilijua ni udongo. Maman Noella alijua ni nini, na alinyamaza kwa sababu aliahidi kunyamaza.

Mambo yaliharibikia msikitini. Ijumaa moja, watu wametoka kusali alasiri, wanavaa viatu, mmoja wa wazee akamwambia Papa mbele ya wenzake: "Fundi, tumesikia binti yako amepata ustadhi. Ana miguu minne!" Kibaraza kizima kikacheka. Sijui kama yule mzee aliwahi kuwaza tena juu ya maneno yake. Pengine alifika nyumbani akala, akalala.

Papa hakurudi karakana siku hiyo. Alishuka moja kwa moja njia ya ziwani, akiwa na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, na akatukuta tunapanda. Pilote mbele, mimi katikati nimeshika kamba yake, Maman Noella nyuma. Nilifurahi kumwona! Nilidhani amekuja kuona ninavyotembea. Nikaiachia kamba, nikampigia hatua zangu, peke yangu, juu ya majani, mikono nimeinyoosha.

"Papa, ona!"

Hakuona. Aliona watoto wawili watatu wanaotufuata wakicheka. Aliona mkono wangu umelowa mate ya mbwa. Alininyanyua begani kama ubao, akageuka, akapanda mlima. Nilimwangalia Maman Noella akizidi kuwa mdogo kule chini, na Pilote akivuta kamba kutufuata, na yeye akimzuia.

Giza lilipoingia Maman Noella alikuja kwetu. Alisimama nje ya mlango, hakukaribishwa ndani. Nilikuwa kitini, mipira imekazwa mpaka ngozi inauma, na nilisikia kila neno.

"Papa Idi," akamwambia, akimwita kwa jina la kaka yangu mkubwa kama ilivyo adabu, "nisamehe kama nimekukosea ku dini yako. Imbwa itabaki kwangu, haitamugusa tena. Lakini mutoto umuache atambule. Nitamutembeza miye peke yangu."

"Mtoto wangu hatembezwi. Unataka dunia iseme binti yangu anazungushwa barabarani na kamba, pamoja na mbwa?"

"Dunia itasema. Dunia haina magoti ya mutoto wako. Mzee, ile imbwa ilikuwa inalala chini sawa gunia. Leo inatambula mpaka ku ziwa inarudi. Na huyu ameanza. Uliona leo, alikuja kwako na magulu yake."

"Anapona kwa sababu ya kiti."

"Anapona juu ya kutembea! Ukimufunga vile, atakauka. Nakuapia."

Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, maneno yoyote yaliyonijia. Mama alikuwa amesimama jikoni, naiona kanga yake pale mlangoni, na hakutoka. Mama aliyajua yote, na hakutoka. Nimemsamehe mambo mengi, hilo bado.

"Maman Noella," Papa akasema mwishowe, kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, "wewe unajua mbwa. Mimi najua kazi yangu. Usiku mwema."

Uzio wa matete ulibomolewa, ukajengwa wa mbao, mrefu. Miezi ilipita. Maman Noella alipata mahali pa biashara huko kwao Bukavu, akahama. Siku ya kuondoka alipita mbele ya baraza letu makusudi. Pilote alikuwa anatembea kwa miguu yake yote minne, taratibu, hajapona, lakini anatembea. Alivuta kamba kunielekea, akaja, akaingiza pua yake kati ya mipira akinitafuta goti. Papa alitoka na ufagio. Maman Noella alinitazama, akamvuta Pilote. Wakashika njia ya mpakani.

Tangu ule uzio wa mbao Papa hakuwa ameniosha, na jioni ile niliyotegemea, hakuniosha pia. Mbwa alikuwa hajafika gotini, ufagio ulimuwahi. Nikasubiri kesho yake, na kesho kutwa. Magoti yalikuwa yamerudi kuwa ya moto, na bakuli liko palepale jikoni. Mwishowe nikamuuliza mwenyewe.

"Papa, hunioshi tena?"

Akanishangaa. "Nikuoshe nini? Hujachafuka."

Sikuelewa. Nilielewa baadaye, nilipokuwa mkubwa kidogo wa kupelekwa madrasa. Nilibebwa mimi na kiti changu na kila kitu, nikawekwa nyuma ya darasa. Mwalimu alikuwa anafundisha twahara, namna za uchafu na namna za kuuondoa. Akafika kwenye mbwa. Mate ya mbwa yakikupata, akasema, unaosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo si dawa ya magoti?"

Darasa zima likaanguka. Watoto walishika matumbo. Hata mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, aligeukia ubao ili tusimwone. Mimi nilikaa na kiti changu kizuri cha maua, na nikaelewa jambo moja tu: jioni zile zote, Papa akiwa amepiga goti mbele yangu, alikuwa anaondoa mbwa. Kuondoa maumivu yangu hakukuwa kazi ya mikono ile. Hiyo alikuwa ameshauachia mti na mipira ya baiskeli.

Goti la kushoto lilinusurika nusu. La kulia halikukunjika tena. Walipokuja kunipiga picha hospitalini, miaka imepita, daktari alisema mtoto wa namna ile hafungwi, hutembezwa. Papa alikuwa amesimama karibu yangu. Kwenye njia ya kurudi nilimwambia, na nilikuwa bado mdogo wa kutojua ukali wa maneno yangu: "Imeshika, Papa." Usiku ule alikipeleka kiti karakana, na sijakiona tena.

Sasa kine amesema atembee, na wa kumtembeza ni mimi. Idi yuko Kigali, anatuma salamu. Namkanda kwa kitambaa cha moto. Tunapita penye majani, tunashuka upande kwa upande, yeye na fimbo yake, mimi na yangu. Wauza ndizi wanatusalimia, "Wazee, mnashindana?" Jana ilikuwa mara ya kwanza kufika mpaka majini. Papa alivua viatu, akaingia mpaka magotini akishika bega langu. Alishangaa. "Kumbe hayaumi humu," akasema. Mimi nikatazama Nkombo.

Tulikuwa tumetoka, nimemkalisha kwenye jiwe akauke, akaja mbwa. Mbwa wa wavuvi, mtoto bado, mbavu nje. Kabla sijamfukuza alikuwa ameshamlamba Papa goti. Papa akaganda, mikono juu.

"Udongo, mama yangu," akasema. "Niletee udongo."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia, chota mwenyewe, mguu wangu hauinami. Nilichimba kwa ncha ya fimbo, nikachota, nikakaa chini kwa shida mguu mmoja mbele, nikaanza kumpaka. Goti lake lilikuwa la moto. Nilikwenda taratibu. Sikujua kwamba nahesabu kwa kunong'ona mpaka nilipojisikia.

"Ulikuwa unalipenda sana hili," Papa akasema. "Ulikuwa unacheka mpaka kwikwi. Mpaka leo sijui ulikuwa unacheka nini."

"Nilidhani ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya magoti, Papa."

Maji yalikuwa yanapiga mawe. Alitazama fimbo yangu iliyolala kwenye majani, akatazama mguu wangu.

"Kama siku ile ningekuacha na yule mama na mbwa wake..."

Hakumaliza, na mimi sikumsaidia kumaliza. Nimeyasubiri maneno hayo tangu nikiwa na meno ya utoto, yamekuja nusu, na nusu ile nyingine ningeweza kumtolea mdomoni kwa urahisi kabisa. Nikamwagia maji ya saba. Nikajiinua kwa fimbo, nikampa mkono.

"Niache nikae kidogo, mama yangu. Nimechoka."

"Hapana, Papa. Inuka. Ukikaa, itashika."